Jubile na Mfungwa Anayerudi Nyumbani



Katika kitabu hiki cha jubile mtasoma habari za wamisionari walioleta Evanjili, za kanisa lililojengwa juu ya mawe ya volkano, za batizo, ndoa na miito iliyozaliwa katika parokia yetu. Sisi makatekista tumepewa kuandika sura ambayo haina picha nyingi: habari za watu waliotoka gerezani, na namna Ekleziya ilivyowapokea tangu zamani hata leo, katika nchi hizi za maziwa na hapa Goma. Tunataka kuonyesha neno moja tu. Mlango wa gereza ukifunguka, mtu hajawa huru bado. Huwa huru siku ile anapokuwa na mahali pa kurudi na watu wa kumpokea. Kufungua mlango ni kazi ya leta. Kupokea ni kazi ya jamaa, ya majirani, na ya shirika.

I. Maana ya jubile yenyewe

Neno hili jubile tumelizoea kwa nyimbo, kwa vitambaa vipya na kwa karamu. Lakini tukifungua Kitabu cha Walawi, sura ya 25, tunakuta kwamba Mungu aliweka mwaka wa jubile kwa ajili ya watu walioanguka. Kila mwaka wa hamsini baragumu ilipigwa katika nchi nzima. Aliyejiuza kwa sababu ya deni alifunguliwa, na shamba lililouzwa lilirudi kwa wenyewe. Tuangalie vizuri: sheria ile haikumfungua mtu na kumwacha njiani. Ilimrudishia shamba lake na ukoo wake pamoja. Kwani mtu aliyefunguliwa bila shamba na bila ndugu angejiuza tena mwaka uliofuata, na baragumu ingekuwa imepigwa bure.

Bwana wetu Yezu Kristu, aliposimama katika sinagogi la Nazareti, alijitwalia maneno ya nabii Isaya juu ya wafungwa kutangaziwa uhuru. Na katika Matayo sura ya 25 alijihesabu mwenyewe kati ya wale wanaotembelewa gerezani. Lakini kwa kazi tunayoieleza hapa, mwalimu wetu mkubwa ni Mtume Paulo katika barua yake ndogo kwa Filemoni. Paulo, naye akiwa katika minyororo, anamrudisha Onesimo kwa bwana aliyemkimbia. Anaomba mambo mawili. La kwanza, Onesimo apokelewe kama ndugu mpendwa. La pili, ikiwa amemdhulumu Filemoni au ana deni kwake, deni hilo liandikwe juu ya Paulo mwenyewe. Paulo hakusema kwamba deni halipo, wala hakumwambia Filemoni asahau. Tunawaomba wasomaji washike mambo hayo mawili, kupokea na kulipa deni, kwani historia yote inayofuata inayategemea.

II. Waliokombolewa kando ya Ziwa Tanganyika

Mapadri Weupe walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1879. Upande wetu wa ziwa walianzisha misioni ya Kibanga mwaka 1883, wakapokea Mpala mwaka 1885, na mwaka 1893 wakaanzisha ile ya Kirungu, iliyoitwa Baudouinville. Wakati ule misafara ya watumwa ilikuwa ikipita katika nchi hizi, na Wakristu wa kwanza wengi walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kwa vitambaa na shanga kutoka mikononi mwa wafanya biashara. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akihubiri juu ya ubaya wa biashara hiyo. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba Ekleziya ya mashariki ya Kongo ilianza na watu waliotoka kifungoni.

Kati ya waliokombolewa, jina la Adriano Atiman halipaswi kusahauliwa na makatekista. Alizaliwa mbali, katika nchi ya Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akanunuliwa na Mapadri Weupe katika jangwa, akasomeshwa udaktari katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya Mpala, akawa katekista na mganga wa watu. Alikaa huko hata kifo chake mwaka 1956. Alioa katika nchi ile, na mwanawe akawa padri. Mtu aliyenyang'anywa ukoo alipewa ukoo mwingine, naye akaponya watu wake kwa miaka zaidi ya sitini.

Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuonyesha upande mmoja tu. Katika vijiji vile vya misioni, waliokombolewa walipewa jembe, shamba na mke, tena waliishi chini ya amri kali. Aliyetaka kuondoka hakuona njia rahisi. Wengine walibaki kama watoto wa misioni hata walipokuwa na wajukuu. Hapo tunajifunza kwamba kumpokea mtu si kumshika mkononi siku zote. Atiman alipewa elimu na kazi ya heshima, akasimama kwa miguu yake. Ndiyo maana jina lake limebaki.

III. Gereza katika wakati wa Wabelgiji

Gereza, kama tunavyolijua, lililetwa na wakoloni. Mababu zetu walijua fidia, walijua kufukuzwa kijijini, walijua baraza la wazee. Hawakujua kumfungia mtu ndani ya kuta kwa miaka. Wabelgiji walifunga wezi na wauaji, lakini walifunga pia mtu aliyeshindwa kulipa kodi, na, baada ya amri ya mwaka 1917 juu ya mazao ya lazima, mtu aliyekataa kulima yale aliyoagizwa. Ndani kulikuwa na kazi ngumu na fimbo ya ngozi ya kiboko.

Kwa hiyo watu walizoea kutenganisha aina mbili za wafungwa. Aliyefungwa kwa kodi alirudi akaketi na wenzake, kwani kila mtu alijua kwamba kesho ingeweza kuwa zamu yake. Aliyefungwa kwa wizi au kwa damu alirudi akakuta macho yameinama. Tofauti hiyo ingali ndani ya mioyo yetu. Hata leo, mtu akirudi kutoka Munzenze, swali la kwanza la majirani ni: alifungwa kwa nini? Na swali hilo si baya. Ubaya ni pale ambapo tunakaa na jibu la uvumi, bila kumwendea mwenyewe wala yule aliyekosewa.

IV. Diosezi, mashirika na gereza la mji wetu

Diosezi ya Goma iliundwa tarehe 30 mwezi wa sita 1960, siku ileile ya uhuru wa nchi. Askofu wake wa kwanza alikuwa Yosefu Mikararanga Busimba, aliyeiongoza mpaka kifo chake mwaka 1974. Baada yake alikuja Askofu Faustin Ngabu, mpaka mwaka 2010. Kisha Askofu Théophile Kaboy Ruboneka. Na tangu mwaka 2019 Askofu Willy Ngumbi Ngengele, wa shirika la Mapadri Weupe.

Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo walikutana Léopoldville, wakachagua njia ya jumuiya ndogo za Kikristu zilizo hai. Kwetu Kivu jumuiya hizo zinaitwa mashirika. Mapadri wageni watatuwia radhi tukieleza jambo ambalo wenyeji wanalijua. Shirika ni nyumba za barabara moja au kartie moja, zinazokutana kila juma, kusoma Neno la Mungu, kuchangia mgonjwa, kuzika maiti, kupatanisha waliogombana. Katika shirika hakuna anayejificha. Ndiyo sababu tunasema kwamba mfungwa hatoki gerezani na kurudi parokiani; anarudi katika shirika, kati ya watu wanaojua jina la mama yake na saa aliyokamatwa.

Gereza la mji wetu ni Munzenze. Lilijengwa kwa watu 350 hivi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 lilikuwa na zaidi ya 4,000. Wengi wao walikuwa hawajahukumiwa: walikuwa wakingoja tribinali, wengine kwa miezi, wengine kwa miaka. Chakula cha leta hakikutosha wala hakikufika kila siku, na mtu asiye na jamaa mjini aliishi kwa huruma ya wenzake na ya makanisa. Kupeleka unga, maharagi na sabuni, kusali Misa, kufundisha katekesimu, kuandika barua kwa jamaa iliyo Masisi au Rutshuru: hiyo ndiyo kazi ya Wakristu ndani ya kuta katika nchi yetu.

Iko pia kazi ambayo wachache wanaijua. Kodi ya makosa na adhabu, iliyowekwa mwaka 1940, inaruhusu aliyehukumiwa kufunguliwa kwa masharti akiisha kutimiza robo ya adhabu yake, ikiwa amekaa gerezani zaidi ya miezi mitatu. Na aliyehukumiwa kifungo cha maisha, baada ya miaka mitano. Huo ni uwezo wa leta, si haki ya kudai kwa nguvu. Lakini mfungwa asiyejua kusoma, asiye na avoka wala ndugu wa kufuata karatasi zake, anaweza kupitwa na siku hiyo bila kujua kwamba ilikuwako. Mkristu anayejua kusoma, akienda kuuliza kwa upole mahali panapofaa, ametenda tendo la huruma sawa na aliyepeleka unga.

V. Siku mlango ulipofunguka bila mtu kufunguliwa

Mara mbili katika miaka hii mlango wa Munzenze ulifunguka kwa vita. Mara ya kwanza ni mwezi wa kumi na moja 2012, wapiganaji wa M23 walipoingia Goma: wafungwa zaidi ya 1,000 walitoroka. Mara ya pili ni tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, mji ulipoangukia tena mikononi mwao. Siku hiyo zaidi ya watu 4,000 walitoka. Katika fujo hiyo wanawake zaidi ya 100 waliokuwa wamefungwa walitendewa jeuri na wafungwa wanaume, kama Umoja wa Mataifa ulivyotangaza. Kisha moto ukawaka, na wengi wao, pamoja na watoto waliokuwa nao gerezani, wakafa.

Hatuwezi kuandika juu ya wafungwa katika kitabu cha jubile na kuruka siku hiyo. Tunawaombea marehemu wale, ambao wengi wao hawakuwa wamehukumiwa kwa neno lolote. Tunawaombea wanawake waliobaki hai, ambao wanastahili kupokelewa kwa heshima na kwa siri, bila kuulizwa maswali ya udadisi.

Tena siku hiyo inatufundisha kwa uchungu lile tulilolisema mwanzo. Maelfu walitoka, lakini ni nani aliyekuwa huru? Aliyekuwa hana kosa alitoka bila karatasi ya kumtangaza kuwa hana kosa. Aliyekuwa na kosa alitoka bila kumaliza deni lake. Na mama aliyeuawa mtoto wake alilala usiku ule akijua kwamba muuaji anatembea barabarani. Watu wenye hofu hushika mawe na matairi, katika mji wetu tumeona watu wakichomwa kwa neno moja la kupiga kelele, “mwizi!” Mkristu hana sehemu katika jambo hilo. Lakini Mkristu hana sehemu pia katika kumficha mkosaji ili asikutane kamwe na haki. Anayekuja kwetu kwa siri tunapaswa kumlisha, kumsikiliza, na kumwambia waziwazi kwamba njia ya amani inapita mbele ya tribinali halali na mbele ya yule aliyemkosea.

VI. Funzo la Mushaka

Waliokosewa huuliza swali moja, nao wana haki ya kuuliza: Ekleziya inapeleka sabuni kwa aliyeniumiza, mimi inaniletea nini? Jibu zuri tunalolijua lilitolewa karibu nasi, upande wa kusini wa Ziwa Kivu, katika parokia ya Mushaka, diosezi ya Cyangugu, Rwanda.

Baada ya mauaji ya Watutsi ya mwaka 1994, magereza ya Rwanda yalijaa watu zaidi ya 100,000. Kisha wengi walirudi vilimani, wakakaa tena kando ya nyumba za wale waliowafanya yatima na wajane. Mabaraza ya gacaca yalihukumu kesi, mpaka yalipofungwa mwezi wa sita 2012. Lakini hukumu haikutosha kuwaketisha watu katika benchi moja kanisani. Padri Ubald Rugirangoga, paroko wa Mushaka, alikuwa amempoteza mama yake na jamaa wengi katika mauaji yale. Yeye aliwaandalia waliotoka gerezani katekesimu ya miezi sita. Katika miezi hiyo walijifunza kusema kweli juu ya yale waliyotenda, kuwaendea waliobaki hai, kuomba msamaha. Na waliokosewa nao walisindikizwa upande wao. Mwisho wake ndipo walipopokelewa tena kwenye sakramenti, mbele ya parokia nzima. Padri Ubald alifariki mwezi wa kwanza 2021. Inajulikana pia kwamba alisaidia masomo ya watoto wa mtu aliyehusika na kifo cha mama yake.

Tutazame mpangilio wa kazi ile. Haikuanza na karamu. Ilianza na ukweli, ikachukua muda, ikamweka aliyekosewa katikati. Msamaha ulitolewa na mwenye kidonda, haukuamriwa na padri. Na aliyetoka gerezani hakubebwa tu kama maskini. Alipewa jambo zito la kufanya. Ndilo lile lile la Paulo kwa Filemoni: kupokea, na kulipa deni.

VII. Kazi iliyo mikononi mwa mashirika

Kutokana na historia hii, tunayaweka mbele ya mashirika mambo manne.

La kwanza, kutayarisha nyumba kabla ya siku ya kutoka. Mara nyingi mke amehama, watoto wametawanyika kwa wajomba, shamba limekaliwa na mwingine, au kijiji chenyewe kimekimbiwa kwa vita. Wajumbe wawili wa shirika waende kwanza kwa jamaa, waulize ni nani atampokea, na usiku wa kwanza atalala wapi. Aliyetoka gerezani na kulala sokoni usiku wa kwanza atapokelewa na wale wanaolala sokoni.

La pili, kumwendea aliyekosewa, naye aendewe wa kwanza. Akisema hataki kumwona mtu yule, neno lake liheshimiwe, na shirika liendelee kumtembelea yeye. Uwongo mkubwa ungekuwa kumlazimisha ashikane mkono mbele ya watu ili sherehe ipendeze.

La tatu, kazi. Wenye kazi huomba shahada ya mwenendo mwema, na aliyefungwa hana. Basi heshima yake ya kwanza itatoka katika ujuzi wa mikono: uashi, useremala, kushona, kusukuma chukudu, kulima. Likirimba ya shirika inaweza kumpa zamu yake kama wengine, kwa kiasi kidogo mwanzoni, na arudishe kama wengine. Kumpa bila kumwomba arudishe ni kumwambia kwamba hatumwamini. Kwa vijana tunao mfano wa Wasalesiani katika kituo cha Don Bosco Ngangi, ambao kwa miaka mingi wamewafundisha ufundi watoto wa barabarani na vijana waliotoka katika majeshi.

La nne, kuziba njia ya kwenda gerezani. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana wa mji wetu, mtumishi wa ukaguzi wa bidhaa, aliuawa mwezi wa saba 2007 kwa sababu alikataa kupokea rushwa na kupitisha vyakula vilivyoharibika. Alitangazwa mwenye heri huko Roma tarehe 15 mwezi wa sita 2025. Watu wengi wanakumbuka kifo chake. Tukumbuke pia maisha yake. Pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio aliwapenda wale watoto tunaowaita maibobo, akahangaika ili wapate shule. Mtoto aliyeketi darasani leo hatutamtafuta Munzenze kesho.

VIII. Kumaliza

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Jubile Kubwa ya mwaka 2000, alikwenda kusali Misa katika gereza la Regina Coeli, Roma. Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2024, alifungua Mlango Mtakatifu katika gereza la Rebibbia, mji uleule. Papa akifungua mlango wa jubile ndani ya gereza, anatuonyesha jubile inaanzia wapi. Lakini inamalizikia mlangoni petu, siku mtu yule atakapobisha hodi.

Ndugu Wakristu, mji huu umezoea kujenga upya. Mwaka 2002 Nyiragongo ilifunika katikati ya mji, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaungua. Watu wakarudi, wakachonga mawe yaleyale yaliyowaunguza, wakainua kuta. Tunayajua mawe hayo: ni makali, hukata mikono ya fundi, hayakubali haraka. Ndivyo ilivyo kazi ya kumrudisha mtu. Tunawaomba, katika mwaka huu wa jubile, kila shirika liulize katika mkutano wake wa kwanza: ni nani wa kwetu aliye gerezani, ni nani aliyetoka, na ni nani aliyekosewa naye? Majina hayo matatu yakiwa mikononi, jubile imeanza.

Bikira Maria, Mama wa Huruma, atuombee. Mungu awabariki wote.